Nansen alipoiacha Fram barafuni

Sisi tuliokulia Lamu tuna shida na jambo moja katika maisha ya Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyesafiri nchi za barafu na kuwa mtaalamu wa bahari (1861–1930). Aliacha chombo. Machi 14, 1895, meli yake Fram ikiwa imegandia baharini, alishuka na Hjalmar Johansen na mbwa 28 wa kukokota mizigo, wakashika njia ya Ncha ya Kaskazini. Nyuma walibaki watu 11. Nilipomsimulia baharia mmoja mzee barazani Langoni, aliuliza, "Nahodha gani huyo?"

Swali lake ni la haki, ila nahodha wa Fram alikuwa Otto Sverdrup. Nansen alikuwa kiongozi wa safari, na safari yenyewe ilitokana na fikra yake. Meli ya Wamarekani, Jeannette, ilizama kaskazini mwa Siberia mwaka 1881; miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa Greenland. Basi kuna mkondo, alisema. Akaundiwa meli ya ubavu wa mviringo, barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuivunja. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, wangemwelewa upesi kuliko wataalamu waliomcheka. Ilipodhihirika kwamba mkondo hautaifikisha meli kwenye Ncha, akaamua kwenda kwa miguu.

Hapo ndipo ninapomlaumu. Aprili 8 walifika nyuzi 86 na dakika 14 za latitudo ya kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, wakageuka. Mbwa walichinjwa mmoja mmoja ili kulisha wenzao. Rekodi hiyo ilimpa sifa, lakini elimu ya bahari ilibaki melini, kwa watu waliokuwa wakipima kina na joto la maji kila walipoweza.

Na elimu hiyo inatugusa. Nansen aliona kwamba barafu haiendi upepo unakoelekea. Inapinda kulia kwa nyuzi 20 hadi 40. Akasema ni mzunguko wa dunia. Msweidi Walfrid Ekman akaipigia hesabu, akaichapisha mwaka 1905. Kusini mwa ikweta maji hupinda kushoto, na hapa Lamu, karibu hivi na ikweta, nguvu hiyo ni ndogo mno. Lakini panda juu hadi pwani ya Somalia wakati wa kusi: upepo unafuata ufuo, maji ya juu yanasukumwa kulia, yaani bahari kuu, na maji baridi yenye chakula cha samaki yanapanda kutoka chini. Wavuvi wetu wanaijua misimu kwa mwili. Sababu yake ilianza kuonekana kwenye barafu ile.

Fram ilitoka salama Agosti 1896, watu wote hai, na kwangu hilo linampunguzia lawama nusu. Nusu nyingine inapunguzwa na kisa cha Juni mwaka huohuo. Nansen na Johansen walikuwa wamepanda kilima cha barafu kutazama mbele, mitumbwi yao ya turubai ikakatika kamba na kuchukuliwa na maji, na ndani yake kila walichokuwa nacho. Nansen alijitupa katika bahari ile ya baridi, akaogelea akiifuata hadi viungo vikafa ganzi, akaishika.

Mzee hakuuliza tena ni nahodha gani.