"Tunakushukuru" na programu za nota

Mwalimu wa kwaya mmoja wa Tukuyu aliniletea hapa Mwanjelwa, Mbeya, wimbo wa shukrani wenye kurasa nne. Kwenye daftari lake la solfa, zile nota za herufi d, r, m, ulikuwa kurasa mbili. Hakuongeza nota hata moja, aliuchapa tu kwenye MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia nota. Programu ilikuta neno "tunakushukuru" limebanana chini ya nota sita za haraka, ikazitawanya nota ili kila silabi ipate pa kukaa, na mstari uliobeba vipimo vinne ukabaki na viwili. Kwa waimbaji 40, hizo ni kurasa 80 zaidi za fotokopi, na mweka hazina wa kwaya hana utani na fotokopi.

Wanaochapa nota wana ubishi wa siku nyingi: programu nzuri ni ile inayokupangia mambo yenyewe, au ile inayomwachia fundi kila kitu mkononi?

Huku kwetu urahisi una watetezi wengi, na wana haki. Kuanzia Mbeya hadi Njombe na Iringa, wengi tumelelewa na tonika solfa, na stafu, ile mistari mitano ya nota, tumeifuata ukubwani, usiku, baada ya shughuli za mchana. MuseScore ni ya bure, na inaweza kuandika majina ya solfa ndani ya vichwa vya nota ili mtu ajikague. Mtu huyo ukimkabidhi Finale, programu kongwe ya nota iliyotoka 1988 na ambayo karibu kila kitu kina zana yake ya kuchagua kwanza, atakesha. Aliyeizoea naye hakuna kinachomshinda. Nimeona kazi za Finale zilizonyooka kama kitabu cha kiwandani.

Kero yangu na urahisi ni kwamba unaficha milango. Sisi tukiimba "kwa upendo" mara nyingi tunabebesha nota moja "kwa" pamoja na "u". Kwenye MuseScore, ukigonga kitufe cha nafasi maneno yanarukia nota inayofuata. Ili yabaki pamoja unabonyeza Ctrl na nafasi kwa mpigo. Njia ipo, ila ukurasa ni msafi kiasi kwamba hufikirii kuitafuta. Vilevile "mtu" huimbwa kwa nota mbili, m-tu, na mgawo huo unauweka mwenyewe, programu haikusaidii.

Dorico, programu nyingine ya nota, imejaribu kukata shauri kwa namna nyingine. Walioiunda walikuwa timu ya London ya Sibelius, programu nyingine ya nota, hadi kampuni yake, Avid, ilipofunga ofisi hiyo 2012. Programu yao ilitoka 2016, na ndani yake chumba cha kuandika kiko mbali na chumba cha kupamba ukurasa, hivyo anayetunga hasogezi kitu kwa bahati mbaya. Naipenda fikra hiyo kuliko zote. Bei ya toleo lake kamili siipendi.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa udhibiti huwa hawapendi niliguse. Agosti 2024, MakeMusic, kampuni yenye Finale, ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale. Fundi aliyepanga kila upinde kwa milimita akajikuta anahamisha mafaili yake kwa MusicXML, aina ya faili ya kuhamishia nota kutoka programu moja hadi nyingine, ambayo hubeba nota na maneno vizuri, lakini ule upangaji wa mkono mwingi hubaki njiani. Alikuwa na mamlaka juu ya ukurasa, si juu ya uhai wa programu. MuseScore msimbo wake uko wazi, na kampuni ikichoka wengine wanaweza kuuchukua.

Kwa hiyo mimi humwambia mwalimu aanze na iliyo rahisi, ila ajifunze mambo manne: kukata mstari anapotaka yeye, kupunguza ukubwa wa stafu, kupunguza maandishi, na kuweka sauti mbili kwenye stafu moja. Wimbo wa Tukuyu niliufanyia yote manne, soprano na alto juu, tenori na besi chini. Dakika 20 tu, ukarudi kurasa mbili.

Jumapili jioni simu ikaita. "Mwalimu, shikamoo. Wimbo umependeza, lakini wazee wangu wa besi hawaoni maneno."

Tukakubaliana kurasa tatu.