Wati 100 mlangoni pa valvu ndogo

Mwenye redio ya kurushia mawimbi ya wati 100 akijiundia amplifaya ya kuikuza nguvu yake, yenye valvu moja ya 4CX250B, hesabu inamgomea. Gridi, yaani wavu ndani ya valvu unaodhibiti mkondo, ikiwa na volti 55 hasi, na rezista ya omu 50 ikipokea mawimbi, valvu hiyo inashiba kwa wati 30 hivi.

Wengi huzungusha kitufe cha nguvu kwenye redio hadi 25, basi. Wana hoja: hakuna gharama, hakuna joto, na upokeaji hauguswi. Kwa valvu ya 3-500Z inayolishwa kupitia kathodi badala ya gridi, ambayo humeza makumi ya wati, sina ubishi nao.

Shida ni kwamba kitufe kile huamuru ALC, saketi inayopima kinachotoka kisha ndipo ifunge breki. Katika milisekunde za kwanza, kabla haijashtuka, redio nyingi hutema karibu nguvu zote. Sema "moja" ukitazama osiloskopu: wimbi la kwanza linasimama mara mbili ya yanayofuata. Sindano ya mita ya wati ni nzito, hailioni. Itazame ya mkondo wa gridi, ambayo ingepaswa kulala sifuri: inagutuka kila neno linapoanza. Kila mguto ni uchafu uliomwagwa kwenye masafa ya jirani anayesikiliza stesheni dhaifu, na gridi yenyewe inavumilia joto la wati 2 tu. Kuunganisha waya wa ALC kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye redio hakuponyi. Nao husubiri kosa litokee.

Kipunguzi cha rezista cha desibeli 6 hakisubiri chochote. Omu 150 kwenda ardhini mwanzoni, 37 katikati, 150 nyingine mwishoni: zikiingia wati 100 zinatoka 25, iwe ni ule mruko wa wimbi la kwanza au sauti ya kawaida. Tena redio inaona mzigo ulio karibu na omu 50 hata amplifaya ikiyumba.

"Unachoma wati 75 bure!" Nazichoma, ndiyo. Rezista mbili za kwanza hubeba wati 33 kila moja, zinataka bamba nene la alumini, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuzikwepa wakati wa kupokea. Ni kazi ya Jumamosi moja, na joto hilo linaishia kwenye bamba badala ya kwenye gridi. Redio yangu naiweka wati 80, valvu inapata 20, na ile sindano ya gridi haijagutuka tena.