Nilivyomwitikia Mwalimu Wangu "Marahaba"

Sikupiga magoti. Naanza na hilo kwa sababu Bonge ameshatuma kwenye kundi sauti ya dakika nne, anasema nilipiga magoti nikalia hadi kamasi. Nilichuchumaa. Na machozi yale yalikuwa ya pilipili ya mishikaki.

Haya. Jumamosi tulikutana Muheza, sisi tulioanza darasa la kwanza 1977, mwaka wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, tukamaliza la saba 1983. Kamati ikawaalika na walimu walio hai. Mimi nikafika nimechelewa, kipara kinameta, ndevu nyeupe kama pamba. (Mke wangu alinisihi nipake piko. Mama watoto, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.)

Kiti kilichobaki kilikuwa pembeni ya jamaa mmoja mfupi, nywele nyeusi tii, shavu halina mkunjo. Akainuka nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo?"

Tena sikuitikia kawaida. Niliivuta, marahabaaa, kama mwenyekiti wa kijiji anayepokea wageni.

"Mzee ulikuwa unafundisha somo gani hapa?"

Nikajua ni mwenzetu wa mkondo B, ananitania kwa hiki kipara. Na mimi utani siupishi njia.

"Upupu," nikasema. "Nilifundisha somo la upupu, na mwanafunzi wangu alikuwa mmoja tu, yule KDS wa Hesabu."

Kwa wasiojua: KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika. Tulimbandika mwalimu jina hilo kwa sababu ya kimo chake.

Jamaa akaacha kutafuna. Bonge, aliyekaa mbele yetu na aliyekuwa ameshamtambua tangu asubuhi, akanisogezea soda. "Endelea," akasema, "msimulie vizuri." Kumbukeni Bonge ndiye aliyekula viboko sita vya kosa lile, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanne waliomshika mikono na miguu.

Basi nikaendelea! Nikaeleza nilivyouchuma kando ya shamba la mkonge, nikauviringisha kwenye jani la mgomba, nikaukung'utia kitini wakati wa mapumziko. Nikasimama nikaigiza KDS anavyojikuna kwa rula huku anaandika sehemu ubaoni. Meza nzima kimya. Nikadhani wamezidiwa na kipaji.

Jamaa akautoa mfupa mdomoni. Akauweka ukingoni mwa sahani. Akafuta vidole, kimoja kimoja. Kisha kidole cha kati kikaanza kugonga meza: mara tatu, kimya, mara tatu.

Ndugu zangu, makalio yangu yalimtambua kabla ya macho.

"Saba mara nane?" akauliza taratibu.

"Hamsini na sita, mwalimu!" Nilikuwa nimekakamaa, mikono nyuma. Mtu mzima mwenye wajukuu wawili.

Sasa nani alikumbuka kwamba walimu wengi wa UPE waliingia darasani wakiwa vijana wabichi waliotoka la saba juzi tu? KDS ametuzidi miaka sita, saba hivi. Tulimwona mzee kwa sababu alikuwa na chaki. Hapo ndipo nilipochuchumaa, nikasema shikamoo nne mfululizo kufidia ile marahaba, na hakuitikia hata moja.

Mshereheshaji akamwita azungumze. Nikaomba ardhi ipasuke.

"Suruali ile," akasema kwenye kipaza sauti, "haikuwa yangu. Mnaukumbuka mwaka 1983, nguo hakuna, sabuni hakuna. Niliiazima kwa mwalimu mkuu. Sabuni ya kuifulia sikuwa nayo, nikaikung'uta tu, nikaikunja, nikamrudishia jioni. Mnakumbuka paredi ya kesho yake?"

Ukumbi mzima ulikumbuka! Mwalimu mkuu aliyekatisha hotuba ya usafi katikati, akajisugua kwenye mlingoti wa bendera, akaondoka mstarini bila kutawanya watu. Miaka yote hii tulidhani alirogwa. Kuna mama mmoja wa mkondo A alimtaja aliyemroga, kwa jina.

Na mwalimu mkuu alikuwepo. Kiti cha mbele, amepita themanini, bakora mkononi. Akageuka polepole akaniangalia.

Yaliyofuata hayana maana. Nilitozwa faini, nililipa kreti mbili za soda, picha nimepigwa, Bonge anazo, asithubutu. Viboko vyake sita anavidai, tumepatana kwa mbuzi ingawa anataka beberu na mimi nasema jike.

Hivi sasa niko kwa fundi. Mwalimu mkuu ametuma vipimo mwenyewe: kiuno inchi 34, tetroni nyeusi, upindo chini. Na ameagiza ifuliwe mara mbili kabla haijamfikia.