Kando ya barabara kuu: kifyekwe kipi, kibaki kipi

Masika ikikatika, nyasi za kando ya barabara ya Morogoro kwenda Iringa huwa zimemfika mtu mzima kifuani. Ndipo wafyekaji huingia na mapanga na mafyekeo, na ubishi ule ule hurudi. Madereva hushukuru kwamba sasa wanaona mbele. Wanakijiji huuliza kwa nini mti waliokuwa wakisubiri basi chini ya kivuli chake umekwenda pamoja na vichaka. Naona wote wana haki, ila mara nyingi dereva analalamikia kichaka na mwanakijiji anatetea mti.

Tumsikilize dereva kwanza, maana upande wake una uhai wa watu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kila sekunde. Akichukua sekunde mbili kutambua kilicho mbele yake na kukanyaga breki, meta 44 zimekwisha kabla breki haijashika. Mpaka asimame atakuwa ametumia karibu meta 100, na lori lenye shehena kwenye lami iliyolowa hutumia zaidi. Sasa chukua kona ambayo upande wake wa ndani umeota kichaka, hatua tatu tu kutoka kwenye lami, dereva anaona meta 40 basi. Mtoto anayevusha mbuzi hapo hana wa kumwokoa. Kichaka cha namna hiyo kiondoke, na kila mvua zikipita kifuatiliwe tena, kwa sababu kichaka kilichokatwa bila kung'olewa huchipua mashina mengi na kurudi kizito kuliko mwanzo. Kwenye makutano, vituoni na mbele ya alama za barabarani, hali ni hiyo hiyo.

Mbele kidogo barabara hiyo hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na hapo hesabu inakuwa ngumu zaidi. Swala aliye ndani ya nyasi ndefu huonekana akiwa tayari yuko lamini, hivyo ukanda uliofyekwa humpa dereva muda wa kupunguza mwendo. Lakini nyasi zilizofyekwa zikipata unyevu, hasa maji yanayotiririka kutoka kwenye lami, hutoa machipukizi laini, na machipukizi ndiyo yanayomvuta swala. Ukifyeka wakati mbaya unamwandalia malisho kando ya magari. Afadhali kazi hiyo ifanyike ardhi inapoanza kukauka, na matuta ya kupunguza mwendo yabaki, hata kama madereva wanayanung'unikia. Kuchoma moto badala ya kufyeka, kama baadhi ya watu wanavyofanya, ni hatari zaidi: moshi huziba barabara yenyewe.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 45 hadi 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Wapo wanaoisoma kana kwamba kila kilichoota ndani ya meta hizo lazima kiondoke. Mimi siisomi hivyo. Eneo hilo limetengwa kwa ajili ya barabara na upanuzi wake wa baadaye. Mti ulio meta 25 kutoka katikati, kwenye njia iliyonyooka, haumzibii dereva chochote leo.

Siutetei mti uliosimama kwenye bega la barabara. Gari likiacha njia, shina halisogei, na mizizi yake huziba mtaro. Huo ukatwe, na kisiki king'olewe, maana kisiki kilichofichwa na majani humvunja mwendesha bodaboda aliyesukumwa nje ya lami. Lakini kwenye miteremko kama ya Kitonga mizizi ndiyo inayoshika udongo. Ukiisafisha miteremko ile, mvua itautelemsha udongo mpaka barabarani.

Nairobi walipata funzo lao mwaka 2020. Mgumo mkongwe, mti wa jamii ya mkuyu, kando ya barabara ya Waiyaki Way ulikuwa uondolewe kupisha barabara mpya ya magari ya kasi (Nairobi Expressway). Watu wakapinga, na tamko la Rais Uhuru Kenyatta likaunusuru. Nilifurahi. Hata hivyo miti mingi mingine ya njia hiyo hiyo ilikatwa bila kelele, kwa kuwa haikuwa na utukufu wa mgumo.

Wahandisi watasema kuchagua mti mmoja mmoja kunachelewesha kazi, na ni kweli. Mfyekaji anayelipwa kwa meta za mraba hana sababu ya kuuzunguka mti. Basi malipo yabadilike: kabla ya panga kuingia, msimamizi apite kwa miguu na mwenyekiti wa kijiji, wapake rangi miti itakayobaki, na mkandarasi akatwe fedha kwa kila uliopakwa rangi ukaanguka. Wafyekaji wengi ni wenyeji wa hapo hapo. Wanaijua kona inayoua, na wanaujua mti ambao mama zao husubiri basi chini yake.