Acheni kubonyeza bushi kwa kidole gumba

Muuza spea kanichefua. Namwonyesha bushi za gari, zile pete za mpira zinazokaa kwenye maungio ya vyuma vya chini, zilizochanika kabla hata mvua hazijaisha, naye badala ya kunipa pole anafungua boksi jingine, anabonyeza kwa kidole gumba: "Hii ngumu bosi, ona mwenyewe. Haichaniki."

Jamani! Kama ugumu ndiyo dawa, si tungefunga ebonaiti tukapumzika? Ule ni mpira ulioshindiliwa salfa mpaka minyororo yake ya molekuli ikafungana kila upande. Mgumu kwelikweli, na ukiupiga nyundo unapasuka. Tangu Charles Goodyear achanganye mpira na salfa na kuutia moto mwaka 1839, shida ni hiyo hiyo: vifungo kati ya minyororo vikipungua, mpira unanata na kulegea juani, vikizidi, molekuli zinakosa pa kunyumbukia na ufa ukianza hausimami.

Ufa unasimama pale nguvu ya pigo inapopata pa kuishia. Mpira asilia, huu unaogemwa hata kule Muheza, umezaliwa na kipaji hicho: ukivutwa sana, minyororo hujipanga sambamba na kuwa fuwele, hasa kwenye ncha ya ufa. Chukua rababendi, ivute ghafla, iguse mdomoni. Utasikia joto: ni minyororo inajipanga.

Ila walionimaliza ni kundi la mtafiti Costantino Creton kule Paris, mwaka 2014. Walichukua mtandao ambao minyororo yake imeshavutwa mpaka imekaza, wakaufumia ndani yake mwingine uliolegea. Pigo likija, ile iliyokaza inakatika kwanza, kama fyuzi, na kila inayokatika inaondoka na sehemu ya nguvu. Iliyolegea inabaki imeshika. Na hawakutaka tuwaamini kwa maneno matupu: waliweka vifungo vinavyotoa mwanga vinapokatika, ukaonekana umetanda mbele ya ufa. Yaani mpira unakuwa imara kwa sababu umepangiwa kukatika kwa ndani. Kidole gumba kitayajulia wapi hayo?

Haya, sawa, bushi laini mno nayo inayumbisha gari, na mpira wa Paris hauuzwi mtaani kwetu. Za poliurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, zinavumilia, ila mtetemo mwingi unaupokea wewe kitini.

Lakini boksi si lingeandikwa basi ni mpira gani, unahimili kiasi gani kabla ya kuchanika, umetengenezwa lini? Oili tunasoma namba mpaka ya mwisho. Bushi, inayopokea kila shimo la barabara zetu, tunauziwa picha ya gari na neno "orijino".