Pumzi zihesabiwe dakika nzima

Kati ya vipimo tunavyotegemea kubashiri mgonjwa gani atazidiwa, kinachobuniwa zaidi ni kasi ya upumuaji. Presha, mapigo na oksijeni hutolewa na mashine. Pumzi zinataka jicho na saa, hivyo kazi ikizidi mtu hutupia kifua jicho mara moja na kuandika 18 au 20. Ukikuta fomu za wodi nzima zina namba hizo hizo, usiziamini.

Chukua NEWS2, fomu inayokipa kila kipimo cha mgonjwa alama, jumla ikiwa kubwa hatari nayo ni kubwa; ni toleo la 2017 la Royal College of Physicians ya Uingereza. Mgonjwa ana mapigo 104, presha 108 (namba ya juu), joto 38.4 na oksijeni asilimia 95 bila kuwekewa oksijeni ya ziada. Kila kimoja kinampa alama 1. Fahamu zake ni timamu. Ukiandika pumzi 20, jumla ni 4, na anaweza kusubiri saa 4 hadi 6 ndipo apimwe tena. Kama kweli anapumua mara 26, zinaongezeka alama 3. Jumla inakuwa 7, na hiyo ni dharura: timu inayoweza kuhudumia mahututi iitwe papo hapo.

Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hakusaidii. Njia hiyo haiwezi kukupa 21, 22 wala 23. Inaruka kutoka 20, isiyo na alama, hadi 24 yenye alama 2. Pumzi moja tu ikikupita, umeshakosea. Hesabu sekunde 60. Endelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, macho yakiwa kifuani au tumboni, na usimwambie unachohesabu, maana akijua atabadilisha upumuaji. Kama ametoka kutembea au kukohoa, mwache atulie kwanza.

Alama 2 za kuwekewa oksijeni nazo husahaulika sana: asilimia 97 kwa barakoa si sawa na 97 kwa hewa ya kawaida. Kuchanganyikiwa kulikoanza sasa ni alama 3, hata kama mgonjwa anaongea. Na kwa watoto walio chini ya miaka 16 au wajawazito, fomu hii isitumike kabisa.

Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo anaweza kuzidiwa mapigo yakiwa 80, ambayo hayampi alama yoyote. Muuguzi akiwa na wasiwasi naye, daktari aitwe hata kama jumla ni 2. Mwongozo wenyewe unaruhusu hivyo.