Wahudumu wa afya wafundishwe bei kwanza, kunadi baadaye

Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Tanzania Januari 2024, na mimi ni katika wanaouunga mkono. Kinachonitia shaka ni somo la mawasiliano. Ukimwuliza mtu wa Newala au Ruangwa mhudumu wa kijijini kwao anafanya nini, atakwambia: anahamasisha. Yaani ana fulana, ana kipaza sauti, na maneno ameyakariri.

Chukua matende na mabusha, ugonjwa ambao Lindi na Mtwara tunaujua vizuri mno. Kingatiba, yaani vidonge vya kuukinga ugonjwa huo, inagawiwa bure. Lakini baba mwenye busha akiambiwa akapasuliwe, ana hesabu zake. Nani ataokota korosho Oktoba hadi Desemba? Atakula nini akiwa amelala? Na kijiweni watamwita nani akirudi? Philip Kotler na Gerald Zaltman, walioieleza mwaka 1971 fani ya masoko ya kijamii, yaani kutumia mbinu za biashara kueneza jambo lenye faida kwa jamii, waliyahesabu mambo ya namna hii kuwa bei, wakaiweka bei sambamba na bidhaa, mahali na kunadi. Sisi tumebeba kunadi, hayo mengine tukayaacha njiani.

Au uvumi kwamba vidonge vya kingatiba vinamaliza nguvu za kiume. Mhudumu anakanusha kwa spika, basi. Hasemi kwamba baada ya kumeza mtu anaweza kupata homa, kichwa kikauma, hasa aliye na vimelea vingi, kwa sababu vinakufa mwilini. Huyo asiyeambiwa akihemewa na homa usiku, asubuhi uvumi umeshapata shahidi, tena jirani anayeaminika kuliko mgeni yeyote mwenye fulana.

Ningekuwa mpangaji wa mafunzo, sehemu kubwa ya muda ningeipeleka nje ya darasa. Siku ya mnada wa korosho wakulima wamejaa chama cha msingi wakisubiri bei. Mwanafunzi akae nao, asihutubie. Halafu ningemwita kungwi. Huku unyago haujafa, na kungwi anajua kulipitisha jambo zito kwa wimbo na fumbo mpaka mwali anazeeka nalo. (Si kila la unyagoni nalitetea, yapo ya kuachwa.) Aje kama mkufunzi na alipwe posho ya mkufunzi, siyo kupewa soda na kushukuriwa.

Na mtihani? Tusiridhike na karatasi ya mahudhurio. Mimi ningempeleka kila mwanafunzi kwenye kaya iliyokataa kingatiba, arudi na sababu zao kama walivyozisema wenyewe, hata kama hakuna aliyemeza. Atakayerudi akisema "hawana elimu" arudie somo.